Wateja wa hostingi wasiojua hata domeni ni nini, mnaishi nao vipi wakuu?

kijana_wa_seva

Wakuu habari za jioni. Uzi utakuwa mrefu kidogo, mnivumilie.

Huu ni mwaka wa tatu nahosti tovuti za watu, yaani nazitunza kwenye seva, kompyuta inayowaka muda wote. Seva si yangu, nimechukua kifurushi cha jumla kwa kampuni ya nje, nakigawa vipande vipande nauza. Nina wateja 41: shule mbili za binafsi, gesti, wauza vipuri, makanisa, mpiga picha mmoja na ofisi ndogondogo. Bei yangu ni 75,000 kwa mwaka, domeni (jina la tovuti) mbali. Hela si mbaya ukiipiga kwa jumla. Kinachoniua ni simu.

Mfano wa wiki iliyopita tu. Jumanne saa mbili kasorobo asubuhi anapiga mama mmoja, mhasibu wa ofisi ya wakala wa forodha. "Wewe kijana, tovuti yetu imekufa." Nafungua kwangu, inafunguka. Namwambia mama mbona ipo. "Ipo wapi? Hapa tuko watu sita, hakuna anayeiona, barua pepe hazitoki, na kuna kontena bandarini linasubiri nyaraka."

Nikahangaika saa nzima na nusu. Kumbe Ijumaa bosi wao alibadilisha paswedi ya barua pepe kwenye laptopu, ile simu yake ikabaki na paswedi ya zamani. Simu imekaa mfukoni, kila baada ya dakika chache inaigonga seva na paswedi mbovu. Seva ikaona huyu mwizi, ikafungia IP (namba ya utambulisho mtandaoni) ya ofisi nzima, maana wote wanatokea ruta moja. Nikaifungulia. Robo saa haijaisha, imefungwa tena. Simu bado iko mfukoni kwa bosi, na bosi yuko kikaoni, hataki kusumbuliwa.

Namweleza mama, ananijibu: "Hayo ya kiufundi hayatuhusu, sisi tumelipia." Jioni naona kaweka stetasi WhatsApp kwamba mjini kuna matapeli wa tovuti, watu wawe macho. Hakunitaja, ila marafiki zake na wangu ni walewale.

Na wala si yeye anayeongoza. Kuna anayeniuliza kila mwaka kwa nini jina na hostingi vinalipiwa tofauti, kila mwaka naanza upya. Kuna aliyeingia cPanel, ile paneli ya kuendeshea hostingi, akafuta folda ya public_html yote, yenye mafaili ya tovuti yake, kwa sababu "ilikuwa inamalizia nafasi", halafu akanipigia akiwa na hasira.

Nina mawazo matatu. Nipandishe bei wakimbie wenyewe, nizime simu nibaki na tiketi tu (maombi ya msaada kwa maandishi), au niwaondoe kama kumi hivi walio wasumbufu. Mliotangulia naombeni ushauri. Matusi sihitaji, ya wiki hii yamenitosha.

Mtu wa Buza

Ondoa hao kumi. Elfu 75 kwa mwaka ni shilingi 205 kwa siku. Mtu anakulipa 205 halafu anataka uamke saa mbili kasorobo?

Mzee wa Bekapu

Kijana, pole sana. Hii biashara nimeifanya tangu cPanel inalipiwa kwa seva, kabla hawajageuza 2019 wakaanza kuhesabu akaunti moja moja. Siku ile ndiyo niliyojua kila mteja ana gharama yake, hata aliyelala. Kwa hiyo hesabu ya mtu wa Buza naielewa.

Ila kwenye kisa chako yule mama hana kosa hata moja. Tovuti kwake imekufa kweli, kwa watu wote sita. Wewe ndiye uliyemwambia ipo. Hapo ndipo mlipoanza kugombana, mengine yote yamefuatia.

Mtu akipiga kusema tovuti imekufa, usimbishie, usifungue chochote kwako. Mwambie: "Mama, zima waifai kwenye simu yako, washa bando, fungua tena." Ikifunguka kwa bando na waifai ikakataa, mara nyingi ujue IP yao imefungiwa, nusu dakika tu. Ukimaliza hapo usikimbilie kufungulia. Angalia kwanza kwenye kumbukumbu za seva ni akaunti gani ya barua pepe inayokosea paswedi. Utaikuta imeandikwa pale, jina na saa. Ndipo umwambie "ni simu yenye barua ya mkurugenzi", siyo "kuna shida ya kiufundi".

Tena angalia wasije wakazima ruta na kuiwasha. Mara nyingi wanapewa IP mpya, tovuti inarudi kwa dakika kumi, wanashangilia, halafu inakufa tena, na hapo wanaapa kwamba seva yako ni mbovu. Utaulizwa mbona ilirudi.

Hilo la jina na hostingi kulipiwa tofauti, mimi naeleza kwa fremu. Domeni ni jina lililoandikwa kwenye bango la duka. Hostingi ni fremu uliyopanga. Tovuti yenyewe ni rafu na bidhaa. Jina unalilipia kwa wanaosajili majina, fremu unanilipa mimi kodi. Mwenye fremu akishapokea kodi hahusiki kupanga maharage kwenye rafu. Hapa Bongo hakuna mfanyabiashara asiyejua fremu. Bado watakuomba ubadilishe picha kwenye ukurasa wa mbele, ila sasa wanaanza na "samahani kijana, najua hii si kazi yako". Kwangu huo ni ushindi.

Mtu wa Buza

Mzee unamtetea mtu aliyemwita mwenzio tapeli mbele ya mji mzima?

Mzee wa Bekapu

Stetasi sijaitetea. Nimetetea simu aliyopiga.

Dada Tiketi

Nipo huduma kwa wateja mwaka wa sita, si kwangu, nimeajiriwa. Kijana, wazo la kubaki na tiketi tu liache. Tiketi inafunguliwa kwa barua pepe, na mteja wako barua pepe ndiyo iliyokufa. Atakutumia kwa njia gani? Tulijaribu kazini, wakaanza kupiga namba ya mkurugenzi.

Kilichotusaidia ni namba moja ya WhatsApp ya kazi, siyo ile unayoongelea na mama yako, na saa zake zimeandikwa. Nje ya saa hizo anapata jibu la kuandaliwa. Na kuna maswali matatu ambayo mtu akianza tu kulalamika namrushia kabla sijasoma mengine: nipe anwani uliyoandika kamili, nitumie picha ya skrini nzima, jaribu kwa bando. Picha ya skrini, siyo ujumbe wa sauti. Niliwahi kusikiliza ujumbe wa dakika nne, mwanzo mwisho ni harusi ya binamu yake, mwishoni kabisa ndiyo anasema "halafu ile barua imegoma".

Na picha hizo zina mambo. Mmoja alilalamika siku tatu kwamba tovuti yake inaleta vitu vya ajabu. Picha ilipokuja, kumbe anaandika jina kwenye Google bila nukta, anabofya la kwanza, ni kampuni ya India.

Nikuongezee moja ambalo wengi hawaliwazi. Ukimsajilia mtu domeni ya .com kwa jina lake, anatumiwa barua ya kuthibitisha anwani yake. Ana siku 15. Barua ni ya Kiingereza, ina kiungo cha kubofya, imetoka kwa watu asiowajua. Sisi wenyewe tumemfundisha asibofye viungo vya watu asiowajua! Anaifuta, siku ya kumi na sita tovuti haipo. Sasa hivi siku ninayosajili nampigia mteja kabisa: "Leo itakuja barua ya hivi, hii ndiyo halali, ibofye tukiwa wote kwenye simu."

jamaa_wa_Nakuru

Niongezee hapo kwa dada. Usikubali mteja aweke info@ ya domeni hiyohiyo kama anwani ya mawasiliano. Nilikuwa na mwenye shule hapa kwetu aliyefanya hivyo na mimi nikanyamaza. Ilani za kulipia zilikuwa zinaingia kwenye sanduku ambalo karani alishaacha kulifungua. Domeni ikaisha, barua pepe ikakatika pamoja nayo, kwa hivyo hata ilani za mwisho hazikuwa na pa kuingia. Kufika wakati ananipigia, jina liko kwenye zile siku 30 za kukombolewa, na kulikomboa ni bei tofauti kabisa na ya kulipia mwaka. Akasema nimemwibia. Tuligawana hasara nusu kwa nusu ili tuishi vizuri.

Kuhusu pesa. Kijana, usipandishe hostingi. Tenganisha. Kilicho ndani ya seva ni jukumu langu na ni bure: seva kuzima, diski kujaa, cheti cha usalama kuisha, kurejesha bekapu. Kuweka barua pepe kwenye simu, kubadilisha bei za menyu, kuandika makala, hiyo ni kazi na ina bei yake. Natoza shilingi 1,500 kwa mwezi za huku kwetu kwa anayetaka nimfanyie yote. Nilidhani watakasirika. Wengi walisema kumbe hiyo ndiyo walifikiri wananunua tangu mwanzo.

Na huyo aliyefuta public_html, cPanel ya nini kwake? Mpe mlango wa WordPress, programu ya kuandikia kurasa za tovuti, na jina la mtumiaji la mhariri, si la msimamizi. Aandike habari zake, apakie picha zake. Akitaka cPanel mpe, ni haki yake, lakini aiombe, na uchukue bekapu siku hiyohiyo.

mteja_tu

Samahanini, mimi si fundi, nimeuona huu uzi nikaona niseme kidogo. Nina gesti yenye vyumba tisa. Nililipia tovuti kwa kijana mmoja, mstaarabu tu. Siku aliyonikabidhi nilipokea barua ya Kiingereza. Seva ya majina ya kwanza, seva ya majina ya pili, namba 993, namba 465, maneno yenye alama za kushangaza ndiyo paswedi. Mwisho imeandikwa niitunze vizuri. Nikaichapisha, nikaiweka kwenye faili la TRA pamoja na leseni ya biashara. Mpaka leo ipo.

Hakuna aliyeniambia kwamba barua pepe niliyowekewa kwenye laptopu ilikuwa inashusha barua na kuzifuta kule kwenye seva. Laptopu ikaibiwa. Nikanunua nyingine, nikamwambia nirudishie barua zangu. Akaniambia kwenye seva hakuna kitu, ulichagua POP. Mimi nilichagua POP? Mimi nilibonyeza "endelea" mara nne kama alivyonielekeza kwa simu.

Oda za miaka miwili zimepotea, za wageni wanaorudi kila mwaka. Sikumweka kwenye stetasi, ila nilitamani.

Mzee wa Bekapu

Dada yangu, hapo fundi ndiye aliyekosea. IMAP ilipaswa kuwa ya kwanza bila kukuuliza, barua zinabaki kwenye seva, hata laptopu ikienda.

Kijana, hiyo ya huyu dada uisome mara mbili.

kijana_wa_seva

Nimerudi wakuu. Nimesoma yote.

Leo mchana nimekwenda mwenyewe ofisini kwa wakala wa forodha. Sijawahi kufika kwa mteja tangu nianze, niseme ukweli. Nikakuta kwenye kumbukumbu za seva ni kweli ile akaunti ya mkurugenzi, lakini hata baada ya kurekebisha simu yake, IP ya ofisi iliendelea kufungwa. Nikauliza kuna kifaa kingine? Hakuna. Kijana wa mapokezi akasema ipo tableti ya bosi, anaiacha kwenye droo ikichaji. Ndiyo hiyo. Imo kwenye droo inaigonga seva tangu Ijumaa.

Yule mama nilimweleza kwa mfano, kama anavyofanya Mzee wa Bekapu: mlango umejifunga kwa sababu kuna mtu anajaribu funguo mbovu kila dakika, na mtu huyo ni tableti. Akacheka. Halafu akachukua karatasi, akaniambia nitamke taratibu. Akaandika kwa mkono wake: "TOVUTI IKIFA: 1. Zima waifai, washa bando. 2. Nani amebadili paswedi? 3. Angalia droo." Akaibandika juu ya ruta. Namba yangu kaiweka ya nne.

Nimezitenganisha kazi kama alivyosema wa Nakuru, bei naanza nazo mwezi ujao. Wale kumi sijaamua. Wawili kwa kweli nadhani nitawaaga tu, nawapa bekapu na domeni zao kwa amani. Ile barua ya makabidhiano naiandika upya kwa Kiswahili usiku huu, na nimeanza kuwapitia wote 41 kuona nani yuko kwenye POP. Mpaka sasa nimepata tisa, na hakuna hata mmoja anayejua.

Mtu wa Buza

Stetasi kaifuta?

kijana_wa_seva

Hajaifuta. Iliisha yenyewe, masaa 24.