Ampu ya TPA3116 inalia "ziii" nikitumia adapta ya laptopu. Nifunge filta gani?

Mwenye uzi
Wakuu, habari za jioni. Nimeunga ampu (kikuza sauti) ndogo ya chip ya TPA3116, bodi ya chaneli mbili, nimeiweka ndani ya kopo la biskuti. Inakula adapta ya laptopu ya volti 19, ampea 4.74, plagi ya pini mbili. Muziki unapiga safi, shida ni wimbo ukiisha. Spika inabaki na "ziiii" nyembamba kama mbu wa usiku, na chini yake kuna "ssss". Nikipitisha mgongo wa mkono juu ya kopo nahisi linakwaruza kwaruza, kama lina umeme.

Nimeona watu wanafunga filta ya kuchuja kelele, yaani koili (waya uliozungushwa) na kepasita, kati ya adapta na ampu. Nina pawasaplai mbili za kompyuta zilizokufa, nataka nichomoe vifaa humo. Nizungushe koili mara ngapi? Kepasita ya ngapi? Bajeti elfu kumi, nyingine zimeshaliwa na spika.

SoldaMoto
Unajisumbua bure mkuu. Tupia kepasita moja ya mikrofaradi 10,000 kwenye nyaya za adapta, kazi imeisha. Redio za wazee wetu zilikuwa hivyo hivyo.

Mzee wa Valvu
Redio za wazee wenu, yaani zangu, zilikuwa na transfoma ya chuma. Baada ya dayodi nne mvumo wake ni wa hezi 100, na huo kweli hutulizwa na kepasita kubwa. Adapta ya laptopu inakata umeme maelfu ya mara kwa sekunde, nyingi huwa karibu na kilohezi 65. Huko juu kepasita kubwa ya kawaida ni mzigo tu. Tena adapta ukiifungia kepasita ya 10,000 inaweza kugoma kuwaka: inajaribu, inaona kama kuna shoti, inazima, inajaribu tena. Utasikia tak, tak, tak.

Wewe mwenye uzi, usishike solda kwanza. Nijibu matatu. Muziki unatoka kwenye nini? Ukishusha sauti hadi sifuri, "ziii" inapungua? Na ukiazima betri ya pikipiki ya volti 12 ukaiwashia ampu, inakuwaje? Chip hiyo inakubali kuanzia volti 4.5 hadi 26, haitalalamika.

Mwenye uzi
Shikamoo mzee. Muziki unatoka kwenye laptopu, nayo iko kwenye chaji yake. Nimeshusha sauti: "ziii" inakufa, "ssss" inabaki. Betri nimeazima kwa bodaboda wa jirani, nimempa dakika kumi tu maana alikuwa na abiria. Kwenye betri, laptopu ikiwa bado kwenye chaji, kimya. "Ssss" nayo imebaki kidogo sana, mpaka utie sikio kwenye spika.

Halafu nimechomoa chaji ya laptopu nikarudisha adapta kwenye ampu. "Ziii" haipo! Sasa mkosaji nani hapo, adapta ya ampu au chaji?

Mzee wa Valvu
Marahaba. Wote wawili, na waya wako wa sauti ndio njia yao.

Ndani ya adapta kuna kepasita ndogo, mara nyingi ya bluu, imekaa kama daraja kati ya upande wa umeme wa ukutani na upande wa volti 19. Imewekwa makusudi, ila inavujisha mkondo mdogo. Ndiyo inayokukwaruza mkononi. Chukua mita, weka volti za AC, ncha moja kwenye kopo, nyingine kwenye tundu la ethi (waya wa ardhini) la soketi. Usishangae ukiona karibu nusu ya umeme wa ukutani.

Sasa una adapta mbili, kila moja na uvujaji wake, na zinakutana kupitia shilda (wavu wa nje) ya waya wa jeki. Kelele inaingilia mlangoni, pamoja na muziki, ndiyo maana sauti ikishushwa nayo inashuka. Filta ya koili unayoitaka itasafisha waya chanya na hasi wa adapta, lakini hii haipiti huko.

Mwenye uzi
Mita imesoma 88. Nimeogopa.

Luthuli_Kando
Usiogope kaka, mkondo wenyewe ni mdogo. Ila jenga mazoea ya kuchomoa adapta kabla ya kuchomeka jeki, hiyo volti ikipitia kwenye pini ya sauti inaweza kuua kitu.

Mimi nilikuwa na shida hiyo hiyo Nairobi. Niliweka transfoma ndogo za sauti, za uwiano wa 1:1, omu 600 kila upande, kati ya laptopu na ampu. Zinauzwa zikiwa mbili kwenye kiboksi chenye jeki. Muziki unapita kwa sumaku, waya haugusani na waya, njia ya kelele imekatika. Besi ya chini kabisa hupungua kidogo kwa zile za bei rahisi, lakini kwa spika ya inchi nne nani atajua?

SoldaMoto
Au atafute adapta ya pini tatu, hasi iende ethi.

Mzee wa Valvu
Hilo linaondoa kukwaruza, nakubali. Lakini chaji ya laptopu nayo ikiwa ya pini tatu, mtakuwa mmetengeneza mzunguko wa ethi, yaani ampu na laptopu zimeungana kwa njia mbili, ya ethi na ya waya wa sauti, na mtaanza kusikia mvumo wa hezi 50. Transfoma ndogo ni salama zaidi kwake.

FundiKoili
Sasa tumpe filta yake, maana ile "ssss" inaonekana inakuja na adapta.

Kwenye pawasaplai ya kompyuta tafuta kiringi kikubwa cha manjano chenye ubavu mweupe, upana kama milimita 27. Fungua waya wote uliopo, zungusha upya mara 10 kwa waya mnene wa milimita 1. Utapata karibu mikrohenri 10. Kepasita ya mikrofaradi 1,000 upande wa adapta, koili katikati, nyingine ya 1,000 upande wa ampu, na ya seramiki ya nanofaradi 100 miguuni kwa bodi. Filta ikae karibu na ampu.

Hesabu yake: inaanza kukata kwenye kilohezi 1.6. Kwenye kilohezi 65 koili ina kama omu 4. Kepasita nzuri yenye ukinzani wa ndani wa omu 0.05 itaipunguza kelele mara 80. Kepasita mbovu ya omu 0.5, mara 8 tu. Kwa hiyo pesa yako iende kwenye kepasita.

Na USITOE kepasita za upande wa pato humo kwenye kompyuta. Soma ubavuni, nyingi ni volti 10 au 16. Ukiziweka kwenye 19 zitapasuka na kopo lako litanuka wiki nzima. Tafuta za volti 35.

Ukifungua hizo pawasaplai, zile kepasita kubwa mbili za upande wa ukutani pima kwanza. Hubaki na umeme hata baada ya kuchomoa.

Mwenye uzi
Je, nikiweka na filta nyingine upande wa ukutani?

FundiKoili
Huko usijitengenezee. Kepasita za huko lazima ziandikwe X2 au Y, alama za usalama kwa umeme wa ukutani; ya kawaida ikifa inaweza kuwasha moto. Nunua soketi iliyokuja na filta yake, au achana nayo.

Mwenye uzi
Mrejesho wakuu. Transfoma nimepata, elfu saba. "Ziii" imekufa kabisa, chaji ikiwepo. Koili nimezungusha mara 11, moja imejisahau. Kepasita za volti 35 nimechomoa kwenye printa mbovu ya ofisini, kwa ruhusa. "Ssss" imeshuka, iko karibu sawa na siku ile ya betri. Kopo bado linakwaruza kidogo, nimelibandikia raba chini na juu.

SoldaMoto
Hiyo kepasita ya 10,000 uliyokuwa umenunua kwa ushauri wangu, unauza?