Naomba ushauri: nakwenda Mikumi mwezi wa saba, lenzi gani inafaa kupigia picha wanyama?

Fundi Picha Mbagala
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mpiga picha wa harusi na kipaimara hapa Dar. Natumia Canon 250D, na lenzi zangu ni mbili tu: ile 18-55 iliyokuja na kamera, na 50mm ya kupigia sura (namba ni milimita, zikiwa kubwa lenzi inavuta mbali zaidi). Julai tunakwenda Mikumi watu wanne, tunalala usiku mmoja, na gari la kuzungukia hifadhini limeshapatikana. Sitafuti picha za ushahidi kwamba nilifika. Nataka picha ambayo mtu akiitazama anajua kabisa kuwa huyu mnyama yuko kwake.

Kuna duka Kariakoo wananipa 75-300 mpya kwa bei ninayoimudu. Muuzaji anasema nitahesabu hadi meno ya simba. Niichukue? Na kamera niipange vipi, maana nimezoea bibi harusi, ukimwambia simama anasimama. Wenye uzoefu nisaidieni, wajuaji mpite taratibu. Nawasilisha.

Lenzi Mtumba
Mkuu, hela yako iache mfukoni kwanza. Hiyo 75-300 III haina stebilaiza, yaani kituliza mtikisiko, na 250D nayo haina stebilaiza ndani yake. Ukiivuta hadi 300, mkono ukitikisika kidogo tu picha imekwenda na maji. Hata ukiituliza, ikifika mwisho inalegea, manyoya yanatoka kama yamepakwa mafuta. Tafuta 55-250 IS STM, hata ya mtumba. Inachonga vizuri na fokasi yake haina makelele. Usiidharau hiyo 250: sensa ya kamera yako, ile sehemu inayopokea picha, ni ndogo, kwa hiyo unaona kama mwenye kamera ya sensa kubwa (fremu nzima) anavyoona kwa 400mm. Tofauti iliyobaki utaimalizia kwenye kukata picha, megapikseli 24 unazo.

Bonge la Safari
Achana na lenzi. Hiyo hela mpe dereva akusogeze hadi simba akunuse. Mchezo umeisha 😂😂

Mzee wa Mkata
Huyo wa juu yangu msimsikilize. Nimeongoza wageni Mikumi miaka mingi. Kuacha barabara na kukanyaga nyasi ni kosa, faini ipo, na anayebaki na msala ni dereva, wewe umeshapanda basi kurudi Dar.

Tembo ukimsogelea kupita kiasi atakuambia mwenyewe. Anageuka akutazame uso kwa uso, anatandaza masikio, anatikisa kichwa. Hapo mwambie dereva arudi nyuma polepole, bila kupiga resi. Na dume ukiliona linatokwa na majimaji kwenye mashavu na mkojo unachuruzika miguuni, lile liko kwenye msimu wa kutafuta majike. Lipishe mbali sana.

Sasa nikujibu swali. Julai nyasi zimekauka, maji yamebaki sehemu chache. Msikimbizane na magari mengine kila mkisikia "simba yuko kule". Chagueni sehemu moja, uwanda wa Mkata au bwawa la viboko, zimeni injini mkae. Injini ikiwaka picha zinatetemeka, na wanyama hawatulii. Mwanzoni swala pala wote watawageuzia makalio. Vumilieni. Wakishawazoea, pundamilia wanaanza kulazana vichwa mgongoni, ndege shashi anaingiza mdomo kwenye sikio la twiga, nyumbu mmoja anashuka majini na wenzake wanafuata. Gari linalopita mwendo halioni hata kimoja cha hivyo.

Muwe getini linapofunguliwa. Kuanzia saa nne ardhi ikishapata joto, hewa inachezacheza, mnyama wa mbali anatoka amepindapinda. Hapo hata lenzi ya mamilioni haisaidii. Pumzikeni, mrudi saa kumi.

Mama Shata
Shikamoo Mzee wa Mkata, umemaliza. Mimi naongezea upande wa kamera.

Fundi, weka M (upange mwenyewe), tundu la mwanga f/5.6 au f/6.3, shata 1/1000 ya sekunde, ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga) iwe otomatiki na kikomo 6400. Ndege akiruka panda hadi 1/2000. Fokasi weka AI Servo (inamfuata mnyama anayetembea), nukta moja, ikae jichoni. Jicho likiwa halijakaza, picha hiyo futa tu. Piga RAW (faili ghafi), ila usishikilie kitufe kama bunduki, kumbukumbu ya muda ya 250D inajaa haraka halafu inagoma kipindi ambacho simba ndiyo anapiga miayo.

Tripodi iache nyumbani, ndani ya gari ni kero. Chukua suruali kuukuu ya jinzi, kata mguu mmoja, shona upande wa chini, mimina mchele kilo mbili, shona na juu. Unaulaza kwenye ukingo wa dirisha, unaukandamiza katikati upate shimo, lenzi inalala humo na haitikisiki. Mkirudi mchele mnapika, mimi sitasema.

Piga kupitia dirishani, sio juu ya paa. Ukipiga kutoka juu mnyama anabanwa na udongo, anakuwa mfupi. Ukishuka usawa wa macho yake, vya nyuma vinakwenda mbali na yeye anasimama peke yake.

Fundi Picha Mbagala
Shikamoo Mzee, na ahsante sana Mama. Nimeshamwambia wa Kariakoo asinisubiri. Kwa hiyo 18-55 niiache nyumbani?

Jirani wa Athi
Usiiache, ndugu yangu. Mimi niko Nairobi, mbuga yetu imepakana na jiji, na picha tunazojivunia ni za twiga mdogo kwenye fremu, nyuma yake maghorofa. Sura ya simba iliyojaa picha nzima haisemi uko Mikumi au kwenye zuu. Wewe umesema unataka mnyama akiwa kwake, basi mpige na kwake.

Mzee wa Mkata
Jirani ana hoja. Jioni ukipata tembo wachache mbali uwandani na milima nyuma yao, hiyo ni kazi ya lenzi fupi. Ila usibadilishe lenzi gari likiwa linakwenda, vumbi la Julai unalijua. Na ile barabara kuu ya Iringa inayokatiza hifadhini, msije mkasimama mkashuka kupiga picha. Malori pale hayana breki za utani.

Bonge la Safari
Nilikuwa natania jamani. Drone je?

Mzee wa Mkata
Bila vibali, hapana.

Fundi Picha Mbagala
Nimepata jamaa wa Sinza anauza 55-250 STM ya mtumba. Nikague nini?

Lenzi Mtumba
Fangasi. Dar hii ya joto na unyevu lenzi nyingi zinaoza kabatini. Toa vifuniko vyote viwili, washa tochi ya simu upande mmoja, chungulia upande wa pili ukiizungusha taratibu. Ukiona vijinyuzi kama utando wa buibui, ondoka. Kisha ivalishe kwenye kamera yako, ivute hadi 250, lenga bango la mbali kwa shata 1/60, uzime stebilaiza halafu uiwashe. Usipoona tofauti, stebilaiza imekufa, mwambie apunguze bei au muachane.