Florida 2000: ni Nader aliyemnyima Gore urais?

Mtoto wa Ujiji: Wakuu, uchaguzi wa rais wa Marekani mwaka 2000, jimbo la Florida, Bush wa Republican alimshinda Gore wa Democratic kwa kura 537. Nader wa chama cha Kijani peke yake alizoa 97,488. Asilimia moja tu ya hao wangemwendea Gore, wajumbe 25 wa jimbo lile, wale wanaomchagua rais, wangekuwa wake, na Ikulu pia. Nader ndiye aliyemwangusha. Anayebisha alete hoja.

Wa Kisauni: Nabisha. Kura ni ya mwenye kura, Gore hakudhulumiwa na Nader. Mbona Tennessee huigusi? Jimbo lililompeleka Gore Seneti lilimkataa. Angeshinda kwao, Florida asingeihitaji.

Mtoto wa Ujiji: Unakimbia mada. Na hapo hatujawasema wazee wa kaunti ya Palm Beach, Florida, walioshindwa kutoboa tundu la mgombea wao kwenye karatasi ya kura, Buchanan, mgombea mwingine, akaokota kura 3,400 na kitu ambazo hata mwenyewe alikiri nyingi hazikuwa zake. Mtu kama karatasi imemshinda, rais atamchaguaje?

Binti Pangani: Ujiji, hapo umenichoma. Mwaka ule nilikuwa namhudumia mama mmoja kaunti hiyohiyo, ana miaka 81, mwalimu mstaafu. Alinichorea ile karatasi nyuma ya bahasha: majina kushoto na kulia, matundu yamepangwa katikati. Kushoto Gore ni wa pili, lakini tundu lake ni la tatu. La pili ni la Buchanan, aliyekuwa juu upande wa kulia. Mama katoboa la pili, kashtuka, katoboa na la tatu akidhani amerekebisha. Usiku televisheni ikaonyesha karatasi, ndipo akajua kura yake imeharibika. Karatasi zaidi ya 19,000 za kaunti ile ziliharibika kwa kutobolewa mara mbili. Mama wa watu hakula siku hiyo. Usimwite mjinga.

Karani wa Zamani: Pole dada. Lakini mimi nimesimamia vituo Tanga, nasema kwa uzoefu: ukikosea, unarudisha karatasi unapewa nyingine. Wapiga kura nao wana wajibu. Tusiwabebe.

Binti Pangani: Anayejua amekosea ndiye anayerudisha, mzee wangu. Yeye alijua amesahihisha!

Wa Kisauni: Karani, na kaunti ya Duval, hukohuko Florida, je? Wagombea urais walitandazwa kurasa mbili, na sampuli waliyopewa watu ikasema wapige kura kila ukurasa. Waliotii ndio walioharibikiwa, zaidi ya karatasi 20,000, nyingi mitaa ya watu weusi wa Jacksonville. Wajibu gani tena unaoutaka?

Mtoto wa Ujiji: Karatasi ya Palm Beach iliidhinishwa na msimamizi Mdemokrati, tena alitaka maandishi yawe makubwa kwa ajili ya wazee. Hakuna aliyewaibia.

Wa Kisauni: Nani kataja wizi? Nataja kuhesabu. Tarehe 12 Desemba majaji watano dhidi ya wanne wa Mahakama ya Juu ya Marekani walisimamisha kuhesabu upya. Kwetu Kenya 2017 Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi mzima wa rais, tukarudi kwenye foleni. Wao kura ziko mezani, wanaambiwa muda umekwisha!

Karani wa Zamani: Usilete Kenya hapa. Marudio yale nusu ya nchi haikwenda kupiga kura.

Wa Kisauni: Zaidi ya nusu, najua, nami sikwenda. Mahakama haikutukataza.

Mtoto wa Ujiji: Binti Pangani, kwa mwalimu yule naomba radhi, neno lilinitoka vibaya. Ila kila jina lilikuwa na mshale wa kuelekea tundu lake. Hilo nalo?

Binti Pangani: Radhi nimeipokea. Mishale ilikuwepo, mmoja unatoka kushoto, mwingine kulia, na matundu yamebanana kama meno ya kitana. Chukua bahasha, uchore, umpe mama yako bila kumweleza kitu. Kisha njoo utuambie katoboa lipi.