Mtaro umechimbwa nusu, kontrakta katokomea: barua naiandikaje?

Mama Karai
Asalaam aleikum jamani. Mie nauza viazi karai na bajia kibarazani kwangu, Mombasa, upande wa bara. Mwaka jana kabla ya Ramadhani lilikuja tingatinga, likachimba mtaro kutoka kwa fundi baiskeli hadi mlangoni kwangu, likaondoka. Halijarudi. Masika ilipopiga, maji yalipanda hadi ngazi ya pili. Wateja wangu wavuka juu ya mlango wa kabati kuukuu nilioutandika pale shimoni. Juzi mzee mmoja kateleza, sahani ya bajia mkononi.

Nimekwenda ofisini mara tatu. Ya kwanza, mhusika yuko semina. Ya pili, faili liko kwa mkubwa. Ya tatu kijana wa mapokezi akaniuliza, "Mama, umetumwa na nani?" Hilo ndilo lililoniuma. Nimetumwa na maji!

Sisemi kuna mtu kala pesa, sikuona. Nataka kujua tu: kazi hii ililipwa yote au nusu? Mtu kama mie naruhusiwa kuuliza? Na barua yaandikwaje, maana Kiingereza changu ni cha kuuzia watalii.

Karani Mstaafu
Waaleikum salaam, mama. Mimi nimekaa na mafaili maisha yangu yote ya kazi. Yule kijana hakuwa na haki ya kukuuliza vile. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya mwaka 2016 inayokifafanua inasema hulazimiki kueleza unazitakia nini. Kiswahili kinakubalika kisheria. Wana siku 21 za kukujibu. Mambo yakiwa mengi wanaweza kuongeza 14, mara moja tu. Wakinyamaza, hesabu wamekataa, na una siku 30 za kulipeleka kwa Ombudsman, ile tume ya malalamiko dhidi ya ofisi za serikali. Kuomba ni bure, utalipia kopi tu.

Ila usiandike "pesa zetu zimekwenda wapi". Hilo ni swali la kijiweni, na hujibiwa kijiweni. Omba karatasi kwa jina lake: mkataba, BQ, yaani orodha ya kazi na vipimo vyake, na vyeti vya malipo. BQ itakwambia mtaro ulitakiwa uwe mita ngapi na zege kiasi gani. Cheti cha malipo kitakwambia kontrakta kalipwa kwa mita ngapi. Kisha azima futi ya fundi, upime mwenyewe.

Nenda na nakala mbili. Moja waigonge muhuri wa kupokea, na tarehe, urudi nayo. Barua zisizogongwa muhuri nilikuwa najua zinakoishia, Mungu anisamehe.

Mtoto wa Bandarini
Mzee, maneno matamu hayo. Mkataba wa SGR, reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, tuliusubiri muda gani? Treni zimeanza 2017, mabilioni zaidi ya 300, na karatasi hazionekani. Sembuse mtaro wa muuza viazi.

Karani Mstaafu
Na walioudai wakashinda, mwanangu, hapahapa Mahakama Kuu ya Mombasa, Mei 2022, wakitumia kifungu hichohicho cha 35. Novemba mwaka huo waziri akatoa mikataba ya mkopo hadharani. Sijasema ni haraka.

Fundi Mabomba
Mama Karai, kibao cha mradi kiko wapi? Namba ya tenda huandikwa pale. Barua isiyo na namba watakwambia mradi huo hawaujui, na wewe umesimama ndani yake hadi magotini.

Mama Karai
Kibao kiling'oka na upepo zamani. Nilikisahau kabisa, hadi uliponiuliza! Jirani yangu kakifanya paa la banda la kuku. Nimepanda juu ya stuli sasa hivi na tochi ya simu, mwenyewe kasimama chini anishikilia na kunicheka. Jina la mradi lasomeka. Namba ya tenda nayo yasomeka, isipokuwa tarakimu mbili za mwisho, kunguru wamezipaka.

Pale pa gharama pamepigwa rangi nyeupe, safi, kwa brashi. Hiyo si kazi ya kunguru.

Karani, hizo tarakimu mbili nitazisugua asubuhi kukipambazuka. Ile rangi niiguse, au niipige picha kwanza?

Karani Mstaafu
Picha kwanza, mama. Usiiguse.