Mama amelipa simu siku 365, apdeti moja ikaifunga. Nani anajibu?

Wanajamvi, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Leo ni siku ya kumi na tisa tangu simu ya mama yangu ifungwe na watu ambao hawamdai hata ndururu.

Mama anauza mboga sokoni Kangemi, Nairobi. Mwaka jana alichukua simu kwa mkopo, zile za kulipa kidogo kidogo: Sh3,500 za kuanzia, kisha Sh60 kila siku kwa mwaka mzima. Piga hesabu. Ni Sh25,400 kwa simu ambayo ukishuka maduka ya simu ya Luthuli, mjini, na pesa taslimu unaipata kwa Sh15,000. Hilo tulilijua tukalikubali, maana mama mboga hatoi elfu kumi na tano kwa mpigo, na wao ndio walikuwa tayari kumngoja. Sina ugomvi na bei. Kila jioni akishafunga kibanda alituma zile sitini, halafu akachora tiki kwenye daftari lake la kurasa 32 analoliweka pamoja na mizani. Alichelewa siku mbili tu, dada yake alipofariki huko Vihiga, na simu ikafungwa papo hapo, yuko matangani. Alipolipa ikafunguka. Siku ya 365 akapokea ujumbe wa pongezi: deni limekwisha, simu sasa ni mali yako. Alinipigia kunisomea ujumbe wenyewe, neno kwa neno. Siku hiyo aliwanunulia soda majirani wa kibanda.

Wiki sita baadaye, Jumatano usiku, simu ikamwambia kuna apdeti, yaani toleo jipya la programu zake. Akaikubali, kwa sababu mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha kwamba apdeti ni kinga na asizipuuze. Ikapakuliwa kwa bando aliyoinunua yeye. Alfajiri alipoishika aangalie saa akakuta kioo cheusi, kufuli jeupe katikati, na chini yake maneno ya kumtaka alipe Sh60 ili aendelee kutumia kifaa. Vitufe viwili tu: kimoja cha kulipa, kingine cha simu za dharura.

Saa tatu asubuhi akaingia kwangu (nina saiba ndogo, duka la kompyuta na intaneti, hapa hapa mtaani), saa ambazo kwa kawaida yuko anakatia watu sukuma. Simu ameifunga kwenye leso, daftari liko kwapani. Akaniuliza, "Baba, nimekosea wapi?" Swali hilo ndilo limenikosesha usingizi. Mtu ametimiza siku 365, ana tiki 365, halafu programu mbovu inamfanya ajishuku mwenyewe.

Nikapiga huduma kwa wateja. Wakataka skrinshoti ya ule ujumbe wa kumaliza deni. Nikawaambia ujumbe umo ndani ya simu mliyoifunga. Kimya kidogo, halafu yule kijana akarudia kama mtu anayesoma kwenye karatasi: tafadhali tutumie skrinshoti. Nikatoa laini nikaitia kwenye kabambe, simu ndogo ya vitufe, nikaagiza taarifa ya M-Pesa ya miezi yote ije kwa barua pepe, nikaichapisha, nikapigia mstari kila malipo kwa kalamu nyekundu, nikaiskani nikawatumia. Nikapewa nambari ya tiketi. Siku ya nne nikaambiwa suala liko kwa timu ya kiufundi. Siku ya saba vilevile. Siku ya tisa dada mmoja, mpole kabisa, akanishauri: "Mwambie mama alipe tu hizo sitini ifunguke, sisi tukiendelea kushughulikia."

Hapana. Kesho yake itadai sitini nyingine, na kulipa ni kukiri deni ambalo halipo. Mama mwenyewe alikataa kabla sijafungua mdomo. Alisema hawezi kuchora tiki ya 366.

Na msione ni simu tu. Mama ni mweka hazina wa chama chao cha wanawake 14, na nani ametoa na nani bado, vyote vimo humo. Hoteli mbili za Westlands humwagizia mboga kwa WhatsApp usiku ili azibebe kutoka soko la Marikiti alfajiri. Mojawapo imeshapata muuzaji mwingine. Picha za mwisho za marehemu dada yake zimo humo, hazipo kwingine. Wanachama hawajamshuku, lakini mwenye kushika pesa za watu anajua maana ya kusema "hesabu imefungiwa kwenye simu" mikutano miwili mfululizo.

Nilimpelekea fundi wangu wa Luthuli, mtu ninayemwamini. Alinieleza vizuri kuliko kampuni yote. Simu za mkopo huwekewa programu ya kufuli ambayo mfumo wa Android unaitambua kama msimamizi wa kifaa, yaani ina mamlaka kumzidi aliyeishika simu mkononi. Huwezi kuifuta. Hata ukirudisha simu ilivyotoka kiwandani, inaposhika mtandao tu inauliza seva, kompyuta kuu ya kampuni, kama nambari yake ya IMEI (ile inayoitambulisha kila simu) bado imo kwenye orodha ya wadaiwa, na ikiambiwa imo, inajifunga tena. Deni likiisha, mwuzaji ndiye anayepaswa kuliondoa kufuli na kuitoa IMEI kwenye orodha. Kwa maoni yake, wao walifungua tu bila kuitoa, apdeti ilipoingia ikauliza upya, na jibu likatoka kwenye orodha chakavu. Alisema anaweza kulivunja kufuli kwa Sh1,500, ila kumbukumbu zote zitafutika, na baadhi ya programu za benki hukataa kufanya kazi kwenye simu iliyochezewa mfumo. Yaani mama agharamie kuharibu mali yake ili aitumie.

Sasa nije kwenye kinachonichemsha zaidi ya kampuni yenyewe. Nchi hii haina upungufu wa sheria za simu na mtandao. Zipo tele, na karibu zote zimemwelekea aliyeshika simu. Mwisho wa Septemba 2012 simu zilizoitwa feki zilizimwa, na aliyeumia ni mwananchi aliyeinunua dukani akiamini ni nzima. 2022 tulipigishwa foleni kuhakikisha usajili wa laini, kwa vitisho vya kuzimiwa, tarehe ya mwisho ikasongezwa kutoka Aprili 15 hadi Oktoba 15. Novemba 2024, mtihani wa kidato cha nne (KCSE) ukiendelea, Telegram ilizibwa kwa sababu ya wizi wa mitihani, na watu wanaofanyia kazi zao humo wakakaa gizani. Januari 2025 ukaanza mpango wa kufungamanisha IMEI za simu zinazoingia nchini na ulipaji ushuru, hadi Mahakama Kuu ilipoubatilisha Julai mwaka huo huo. Oktoba 2025 Rais akatia saini marekebisho ya sheria ya uhalifu wa mtandao yanayoruhusu tovuti na programu kufungwa. Kila mara serikali inapoamka, inaamka kutazama tumefanya nini sisi. Nionyesheni siku moja ilipoamka kumuuliza mwuza simu: programu uliyomwekea huyu mama inafanya kazi? Ikiharibika nani anaitengeneza, na kwa siku ngapi?

Chukueni Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018. Mimi nikiingia kwenye kompyuta yako bila idhini, kifungu cha 14 kinanipa faini ya hadi Sh5 milioni, au kifungo cha hadi miaka mitatu, au vyote viwili. Mama alipomaliza deni, idhini ya mtu mwingine kuifunga simu yake iliishia hapo. Wakaifunga. Na neno nililopewa ni "hitilafu ya kiufundi". Najua mawakili watasema lazima kuwe na nia. Sawa, lakini nimeshawaambia kwa maandishi, nimewapa ushahidi, na siku ya kumi na tisa bado imefungwa. Kuanzia pale walipojua, hiyo si hitilafu tena.

Ndiyo, kuna sheria upande wetu, na wengi hapa hamzijui kwa hiyo nitazitaja. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa maelezo anayohitaji, na fidia akipata hasara. Sheria ya Kulinda Data ya 2019, kifungu cha 26, inakupa haki ya kurekebishiwa taarifa zako zilizo za uongo, na taarifa kwamba mama anadaiwa ni ya uongo. Kifungu cha 35 kinakukinga dhidi ya uamuzi mzito unaofanywa na mashine peke yake, na hapa hakuna binadamu aliyeketi akaamua mama afungiwe, orodha iliamua. Kwa hiyo nimepeleka lalamiko kwa Kamishna wa Data. Tatizo ni kwamba sheria inatoa hadi siku 90 za kulichunguza na kulimaliza. Siku 90 kwa mama mboga ni wateja wote wameshahama. Mfumo wa kufunga unatumia sekunde moja, mfumo wa kufungua unatumia robo mwaka, na aliyeandika sheria hakuliona hilo kwa sababu yeye akifungiwa simu ananunua nyingine njiani akirudi nyumbani.

Halafu mtaniambia mambo ya programu ni magumu, hayawezi kuwekewa sheria. Uingereza, tangu Aprili 29, 2024, anayetengeneza simu au kifaa cha nyumbani chenye intaneti lazima aseme wazi atakitolea apdeti za usalama mpaka lini. Umoja wa Ulaya, tangu Juni 20, 2025, unataka simu mpya sokoni zipewe apdeti za mfumo kwa angalau miaka mitano baada ya modeli hiyo kuacha kuuzwa, na vipuri vipatikane kwa miaka saba. Wengi wa watengenezaji wenyewe ni wale wale wanaotuuzia sisi! Wiki jana niliingia duka moja Moi Avenue, nikashika simu mpya ndani ya boksi, nikafungua mipangilio: kinga ya usalama ni ya zaidi ya mwaka mmoja nyuma. Nikamuuliza mwuzaji itapata apdeti mpaka lini. Akaniambia, "Hiyo camera yake iko sawa, boss." Hakuwa na nia mbaya, hakuna aliyewahi kumwambia.

Kwenye saiba naona upande mwingine wa ugonjwa huo huo. Tovuti ya ofisi fulani ya umma inamtoa mteja nje akiwa ukurasa wa mwisho, alichojaza kimepotea, na ada imeshakatwa. Nina wateja waliolipa mara mbili kwa fomu moja. Hunilaumu mimi, na nawaelewa, kwa sababu mimi ndiye binadamu pekee wanayemwona.

Na tunalipa. Kwenye simu iliyotoka nje kuna ushuru wa bidhaa, kwenye data kuna asilimia 15 ya ushuru wa bidhaa na VAT asilimia 16. Bando aliyopakulia mama apdeti ya kumfungia simu ilitozwa ushuru huo. Sioni kwa nini nisidai kwamba sehemu ya pesa hizo impe mama ofisi inayopokea simu yake.

Ninachotaka kiandikwe kwenye sheria ni hiki: anayeweka kufuli kwenye simu ya mtu aliondoe mwenyewe kabisa siku deni linapoisha, atoe cheti cha kuonyesha IMEI imetoka kwenye orodha, na akiifunga kimakosa aifungue ndani ya saa 24 au amlipe mwenye simu kwa kila siku inayopita. Kiwango? Sh60 kwa siku wanakijua vizuri. Hata mimi ningeanzia hapo.

Wale ambao mnasema "angenunua kwa pesa taslimu", tafadhali msianze hapa. Mama alinunua alivyoweza, akalipa mpaka ya mwisho.

Kama wewe au mtu wako mmemaliza kulipa na simu ikafungwa tena, andika hapa chini: deni liliisha mwezi gani, simu ilifungwa lini, kama ilikuwa baada ya apdeti, na ulijibiwa nini. Msiweke nambari za simu wala za kitambulisho. Nitachapisha yote niyaambatanishe na lalamiko, maana mmoja anaitwa hitilafu, ila tukiwa thelathini wataangalia orodha yao.

Kesho Jumatatu saiba itafunguliwa saa nane. Asubuhi naenda ofisini kwao mjini na ile simu, taarifa ya M-Pesa, na daftari. Mama amesema wakitaka kulitazama daftari walitazame nikiwa nimelishika, nisiliache huko.