Nani aliwapa ruhusa ya kumtuma kijana aogelee kufuata ndege ya rimoti kwenye maji ya nyuzi 11?

Ndugu wanajamvi,

Jambo hili nimekaa nalo moyoni tangu Jumamosi. Nimeandika na kufuta mara tatu, na leo nimeona kwamba nikiendelea kunyamaza nitakuwa nimeshiriki. Ninazungumza na sisi Waswahili wa Minnesota tunaokutana maziwani kurusha ndege za rimoti zenye maboya, zile zinazopaa kutoka majini na kutua majini, na hasa ninazungumza na wale waliokuwepo siku ile, wakaona nilichokiona, kisha wakarudi nyumbani na kusambaza video iliyokatwa vipande ili ionekane kwamba tulikuwa na siku njema. Haikuwa siku njema. Kijana wa miaka 17 alikaribia kufa maji mbele ya macho yetu kwa ajili ya ndege ya mbao nyepesi na plastiki.

Ilikuwa katikati ya Mei, saa nne asubuhi, kwenye ziwa ambalo barafu yake ilikuwa imeyeyuka wiki chache tu zilizopita. Mimi huwa ninabeba kipimajoto kwa sababu ninavua samaki, na nilipokitumbukiza pale gatini kilisoma nyuzi 11 za Selsiasi. Nilisoma namba hiyo kwa sauti, watu sita wakanisikia. Jua lilikuwa kali, watu wamevaa fulana, na hapo ndipo udanganyifu wa majira haya ulipo: hewa ni ya kiangazi lakini maji bado ni ya baridi kali.

Mwenye ndege, ambaye sitamtaja jina, alikuwa ameifungia maboya wiki ile ile ndege aliyozoea kuirusha kwa magurudumu. Ndege hiyo ina uzito wa kilo mbili na nusu, na wala haikuwa na namba ya usajili ambayo FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, inaitaka kwenye kila ndege inayozidi gramu 250. Nilikuwa nimemwambia wiki mbili kabla kwamba maboya si viatu vya kubadilisha tu. Yanaongeza uzito, yanaongeza ukinzani wa hewa, na ubavu wa maboya uliotokeza mbele huiyumbisha ndege kushoto na kulia, ndiyo maana ndege nyingi zikifungwa maboya huongezewa pezi dogo chini ya mkia. Hakuliweka. Akasema ataliweka akiona linahitajika.

Kosa la kwanza lilikuwa mahali. Kulikuwa na ghuba tupu isiyofika hatua 200 kutoka tulipokuwa, upepo ukivuma moja kwa moja kuelekea ufukweni, yaani mahali ambapo ndege ingepaa ikiukabili upepo, na hata ikizimika, mawimbi yenyewe yangeirudisha taratibu kwa mwenyewe. Badala yake alichagua pale pale kwenye gati ya umma ya kushushia mashua, kwa sababu ndipo magari yalipoegeshwa. Mbele yetu, mita kama 60 hivi, palikuwa na mama mmoja kwenye kayaki na binti yake mdogo kwenye kayaki nyingine. Nilisema tusubiri wapite. Nikajibiwa kwamba ziwa ni kubwa.

Kwa wasioifahamu kazi hii, chini ya kila boya pana kikato kama ngazi, na ndege haipai mpaka iinuke na kuteleza juu ya sehemu iliyo mbele ya kikato hicho, kwa maana sehemu ya nyuma ikiendelea kugusa maji hunata na kuivuta. Mrushaji makini huongeza nguvu taratibu, huacha ndege iteleze juu ya ngazi hiyo mpaka ipate mwendo wa kutosha, ndipo huiinua kwa upole. Yeye aliona inachelewa, akavuta kijiti cha rimoti kwa nguvu. Ndege ikachomoka majini pua ikiwa juu, mwendo haujatosha, na upepo ulioikatisha ubavuni ukaisukuma kuelekea kwenye zile kayaki. Akajaribu kuikunja irudi. Nilisikia mlio wa rafadha, yaani pangaboi la ndege, ukibadilika, nikaona bawa la kushoto likidondoka, kisha ikageuka tumbo juu na kupiga maji hatua kama 15 kutoka alipokuwa yule mtoto.

Tafadhali fanyeni hesabu pamoja nami kabla hamjaniambia kwamba ni kitu cha kuchezea. Kilo mbili na nusu zikienda kwa mwendo wa kilomita 72 kwa saa hubeba nguvu sawa na jiwe la uzito huo huo lililoangushwa kutoka kimo cha mita 20, yaani kutoka juu ya jengo la ghorofa sita. Na rafadha yenye kipenyo cha inchi 12, ikizunguka mara 9,000 kwa dakika, ncha yake hukata hewa kwa zaidi ya kilomita 500 kwa saa. Hicho ndicho kilichopita karibu na kichwa cha mtoto aliyeletwa na mama yake kutembea majini. Kanuni za usalama za AMA, chama cha warushaji wa Marekani kilichoanzishwa mwaka 1936, zinakataza waziwazi kurusha juu ya watu wasio na kinga, na sisi tumezisoma wote.

Hata hivyo, kilichonifanya niandike uzi huu ni kilichofuata. Ndege ilikuwa inaelea kichwa chini, upepo ukiisukuma kwenda katikati ya ziwa. Hatukuwa na mashua. Watu saba, ndege nne za maboya, na hakuna hata mtumbwi. Hatukuwa hata na fimbo ya kuvulia yenye uzi mrefu na mpira wa tenisi mwishoni, kifaa ambacho mtu yeyote anaweza kukitengeneza kwa dakika kumi, ambacho hurushwa ng'ambo ya ndege na kuivuta polepole mpaka ukingoni. Mwenye ndege akamgeukia mpwa wake akamwambia, "Wewe si unajua kuogelea? Kimbia, kabla haijafika mbali."

Nyote mnajua mpwa hawezi kumkatalia mjomba wake mbele ya watu. Kijana alivua viatu akaingia. Alipiga mikono vizuri kwa mita kama 30, kisha akasimama, akaanza kuhema kwa nguvu kama mtu aliyepigwa tumboni, kichwa kikitoka na kuzama. Nilimwita, hakuitika. Mimi nilikuwa nimekwishavua koti nikitafuta chochote kinachoelea, lakini aliyemfikia ni yule mama wa kayaki, mwanamke yule yule ambaye dakika nne kabla tulikuwa tumekaribia kumuumizia mtoto. Alimwambia ashike nyuma ya kayaki na asijaribu kupanda, akapiga kasia mpaka ufukweni huku binti yake akimfuata akilia. Kijana alipofika vidole vyake havikuweza kufunga zipu ya koti nililompa. Nilimfungia mimi.

Tatizo letu wengi ni kwamba tumejifunza kuogelea kwenye maji yenye joto. Mimi nimekulia Musoma. Ziwa Victoria maji yake huwa karibu na nyuzi 25 mwaka mzima, na mtu anayeogelea kwa raha kule hudhani kwamba ustadi huo anahamia nao. Hauhami. Mtafiti wa Chuo Kikuu cha Manitoba nchini Kanada, Gordon Giesbrecht, amelieleza jambo hili kwa namba tatu ambazo kila mtu wa maziwa ya huku anapaswa kuzikariri: moja, kumi, moja. Dakika 1 ya kwanza mwili hushtuka na kuhema bila hiari, na anayehema kichwa kikiwa chini ya maji huvuta maji mapafuni. Baada ya hapo una takriban dakika 10 za mikono na miguu inayokutii. Kisha ni kama saa 1 kabla baridi haijakupoteza fahamu, ikiwa kuna kitu kinachokufanya uelee. Kijana wetu hakuwa na jaketi okozi. Angezama akiwa na fahamu zake zote, akijua kuogelea.

Nimeambiwa kwenye kundi la simu kwamba ninaleta uzungu. Baba yangu alikuwa mvuvi, na hakuwahi kumruhusu yeyote kati yetu kuingia majini kufuata kasia lililoanguka. Alikuwa na kasia la pili ndani ya mtumbwi. Hakufundishwa hilo na Mzungu.

Kuna na suala la betri, ambalo ningeliacha kama lisingekuwa la hatari ya moto. Ndege ilipopatikana alasiri, ikiwa imesukumwa kwenye matete upande wa pili, betri yake ya lithiamu ilikuwa imelowa kwa saa kadhaa na imeanza kuvimba. Mwenyewe akaikausha kwa taulo na kuitupia kwenye buti la gari, juu ya blanketi, na watoto wawili wamekaa kiti cha nyuma. Betri ya aina hiyo iliyoingia maji inaweza kutulia kabisa ikawaka moto baadaye. Nililazimika kusimama mbele ya gari ndipo ikatolewa na kuwekwa kwenye ndoo ya chuma nje, mbali na kila kitu. Kwa hilo nikaitwa mkorofi.

Ninachotaka ni hiki, na sitajadiliana juu yake. Ndege yoyote isiguse maji kabla mashua ya kuifuata haijaguswa na maji kwanza, ikiwa na makasia, na watu wawili wenye majaketi okozi yaliyofungwa vifungo. Sheria ya Minnesota yenyewe inataka kila aliye ndani ya chombo awe na jaketi linalomtosha. Mota isiwashwe mtu akiwa amepiga magoti majini ameshika mkia, kama tunavyofanya. Rimoti nyingi zina swichi ya kuzuia mota, na swichi hiyo iachiwe tu ndege ikiwa imekwisha kuelea mbali na mikono. Jaribio la masafa ya rimoti lifanyike kila asubuhi, na rimoti ipangwe ili mawimbi ya redio yakikatika mota izime yenyewe. Awepo mtu mmoja ambaye kazi yake ni kutazama tu: kayaki, waogeleaji, na ndege za kweli, kwa maana ndege za kweli za maboya zinatua kwenye maziwa ya jimbo hili, nazo zina haki ya njia wakati wote. Na kayaki ikiingia eneo letu, tunasubiri. Hata ikichukua saa nzima, tunasubiri.

Mashua ninayo. Ni ya bati, futi 12, imekaa juu ya trela kwenye gereji yangu pamoja na majaketi okozi manne, na nitaileta kila Jumamosi bila kumdai mtu senti. Ila siji tena kusimama gatini na watu ambao hawajakubali hayo hapo juu kwa maandishi, na nikimwona mtu anamtuma mtoto majini tena, nitapiga 911, namba ya dharura ya huku, kabla mtoto hajalowa magoti.

Kwa mwenye ndege, kwa kuwa najua unasoma hapa: video uliyoisambaza inaishia pale ndege inapopaa. Ile ndefu ninayo mimi, na wazazi wa kijana wameniomba niwaonyeshe. Nimewaambia nitawapelekea Ijumaa jioni, ili upate nafasi ya kwenda kwao kabla yangu. Na yule mama wa kayaki aliondoka bila hata mmoja wetu kumwomba radhi kwa niaba yako. Mimi nilimkimbilia kwenye maegesho, lakini gari lake lilikuwa limekwisha kutoka.