Naomba ushauri: kadi za muda wa kucheza gemu kwa nusu bei, ninunue tatu kwa mpigo?

Kijana wa Sahare:
Wakubwa shikamooni, na wenzangu habari zenu. Mimi ni mkazi wa Sahare, hapa Tanga mjini, na kwa muda mrefu nimekuwa nikicheza gemu ya mtandaoni iitwayo World of Warcraft, ambamo mchezaji humwongoza shujaa wake katika nchi ya majoka na wachawi akishirikiana na watu wa mataifa mengine. Kwa wasioifahamu, gemu hii huchezwa bure mpaka kiwango cha 20 tu, na baada ya hapo ni lazima muda wako uwe umelipiwa, ama kwa kukatwa kila mwezi kupitia kadi ya benki, ama kwa kununua kadi ya muda yenye namba ambayo unaiingiza kwenye akaunti. Sina kadi ya benki inayokubalika huko, kwa hiyo tegemeo langu ni kadi za muda.

Nimempata muuzaji katika kundi moja la mtandaoni ambaye anauza kadi ya siku 60 kwa shilingi 35,000, na amesema nikichukua tatu kwa pamoja atanipunguzia. Maswali yangu ni mawili tu: je, kadi hizi huisha muda wake zikikaa bila kutumika? Na je, ni busara kuchukua tatu kwa mpigo? Naomba nijibiwe mapema, kwa kuwa muda wangu wa sasa unaisha wiki ijayo na muuzaji amenipa nafasi hadi Ijumaa.

Mama wa Chumbageni:
Marahaba, mwanangu. Mambo ya kadi siyajui, lakini ninaye kijana wa rika lako ambaye hukesha mbele ya kompyuta hadi adhana ya alfajiri, na asubuhi akiamshwa aende dukani huwa mkali kama nimemkosea. Hiyo fedha ya kadi tatu ungenunua vifaranga, ukawafuga hapo hapo Sahare, na baada ya miezi michache ungekuwa na mayai ya kuuza. Sikukatazi kucheza, ila nakuuliza mayai ya majoka yanauzwa soko gani.

Mgosi wa Makorora:
Mgosi, Coastal Union wanacheza Mkwakwani, watu wa kweli wanatoka jasho la kweli, nawe unatuma fedha kwa mtu usiyemjua ili ukapigane na zimwi lisilokuwapo? Mimi nashauri ununue kadi nne, ya nne unipe mimi, kwani huenda huko timu yangu itashinda.

Fundi wa Ngamiani:
Tumjibu kijana alichouliza. Kwa Marekani, malipo ya mwezi mmoja ya gemu hiyo ni dola 14.99, na kadi ya siku 60 imekuwa ikiuzwa dola 29.99, yaani zaidi ya shilingi 70,000 za kwetu. Maana yake ni kwamba hata kampuni yenyewe haitoi punguzo la maana kwa mwenye kununua miezi miwili. Sasa mtu wa kati anapata wapi kadi ya kuuza kwa nusu ya bei, na bado abaki na faida?

Kabla hujajibiwa la tarehe, tueleze wewe mambo matatu. Umewahi kununua kwa muuzaji huyu? Kama ndiyo, kadi ilikubali? Na akaunti yako ni ya kanda gani, ya Marekani au ya Ulaya?

Kijana wa Sahare:
Nashukuru, Fundi. Muuzaji ni mwaminifu, kwani amewahudumia watu wengi na wanamsifu hadharani humo kundini. Mimi mwenyewe nimeshanunua kwake kadi moja, ambayo ina hitilafu ndogo, na amenihakikishia kwamba anaishughulikia. Bei yake ni nafuu kwa sababu ananunua kwa jumla. Hayo mengine sidhani kama yanahusiana na swali langu, ambalo ni tarehe ya kuisha.

Mzee wa Mkonge:
Hiyo "hitilafu ndogo" imenikumbusha enzi za vocha za kukwangua. Nilikuwa nafanya kazi katika shamba la mkonge upande wa Muheza, mtandao ukipatikana sehemu moja tu juu ya kichuguu, na siku ya mshahara vijana walikuja na vocha za bei poa. Nilinunua kadhaa. Jioni nikapanda kichuguu changu, na kila namba niliyoiingiza nikaambiwa imekwisha kutumika. Kumbe walikuwa wakikwangua kwa ustadi, wananakili namba, kisha wanapaka upya kitu cha rangi ya fedha juu yake. Aliyeniuzia tulikuwa tunasali naye msikiti mmoja, na alinijibu hivyo hivyo, kwamba analishughulikia. Nakumbuka pia mwaka huo machungwa yalikuwa mengi mno, hata yakawa yanaozea barabarani, lakini hilo ni jambo jingine.

Binti wa Raskazone:
Kaka, kwa nini ulipe kabisa? Guild Wars 2, iliyotoka mwaka 2012, haina malipo ya kila mwezi. Final Fantasy XIV ina majaribio ya bure yasiyo na kikomo cha siku, na tangu mwaka 2023 yanakufikisha kiwango cha 70. Old School RuneScape inachezwa hata kwenye simu, na ina sehemu kubwa ya bure. Mimi nacheza hiyo ya mwisho nikiwa nasubiri wateja wa saluni, na sijatoa senti.

Kijana wa Sahare:
Dada, nimekusikia, lakini shujaa niliyemlea tangu kiwango cha kwanza siwezi kumwacha. Nina kikundi ambacho tunakutana kila Jumatano na Jumapili saa tatu usiku kuvamia ngome, na mimi ndiye ninayewaponya wenzangu, kwa hiyo nisipokuwapo watu zaidi ya kumi wanakwama. Hili ni jukumu, si anasa.

Fundi, kwa kuwa unasisitiza, hitilafu yenyewe ni kwamba nilipoingiza namba ilikataliwa. Lakini kadi ni halisi, kwani picha niliyotumiwa ina nembo na imeandikwa bei kwa dola za Marekani. Muuzaji amesema mfumo ndio unaosumbua.

Darubini:
Nimesoma uzi huu tangu mwanzo na ninaona umetungwa. Kijana ananunua kadi za Marekani, basi akaunti yake ni ya Marekani. Saa tatu usiku ya Tanga, New York ni saa nane mchana, au saa saba wakati wa majira yao ya baridi, na Los Angeles ndiyo kwanza asubuhi. Ni Wamarekani gani hao zaidi ya kumi wanaoacha kazi kila Jumatano mchana wakavamie ngome? Ama mwandishi hajawahi kucheza gemu hii, ama yeye ndiye muuzaji mwenyewe, amekuja kutupa chambo ili wenye tamaa ya nusu bei waulize namba yake ya simu. Subirini, mtaona anavyoitaja.

Mgosi wa Makorora:
Nilijua! Mimi nilishaanza kuona huruma. Mgosi, kama ni tangazo, sema tu, tukutoze ada.

Mama wa Chumbageni:
Kama ni uongo, vifaranga vyangu nimevirudisha.

Kijana wa Sahare:
Nimesikitika sana kuitwa mwongo na watu ambao nimewaamkia kwa heshima. Mimi si muuzaji wa kitu chochote. Wenzangu wa kikundi hawako Marekani. Ni Wajerumani, Wapolandi na Waswidi, na kwao saa tatu yetu ni saa mbili usiku au saa moja, watu wameshatoka kazini. Akaunti ilifunguliwa Hamburg na shemeji yangu, mume wa dada, na imeandikwa kwa jina lake na barua pepe yake. Sikulisema kwa sababu ni mambo ya ndani ya familia, na hayahusiani na kadi.

Fundi wa Ngamiani:
Yanahusiana kuliko yote uliyoyaeleza, ndugu yangu. Kumbuka umeme wa LUKU: ukinunua tarakimu 20 za mita ya jirani, hata ukiziingiza kwako mara mia, mita yako itazikataa, na hakuna aliyeiba wala mfumo uliosumbua. Muda wa gemu hii nao umefungwa na kanda. Kadi ya Marekani haifungui akaunti ya Ulaya. Muuzaji mwenye uzoefu anaoudai angekuuliza kanda kabla ya kupokea shilingi yako ya kwanza. Je, alikuuliza? Na hiyo "kuishughulikia" anataka kuifanya kwa njia gani?

Kijana wa Sahare:
Hakuniuliza, lakini huenda alidhani ninajua. Njia aliyopendekeza ni kwamba nimpe barua pepe na neno la siri, aingie mwenyewe aiweke kadi, kisha nibadilishe neno la siri. Mpaka sasa sijampa. Ila kwa zile kadi tatu nimeshatanguliza shilingi 50,000 kati ya 90,000, na ndiyo maana naona ni afadhali kumalizia, kuliko kupoteza nilichokwisha kutoa. Naomba mnielewe kwamba ninaulizia kadi, sijaulizia tabia ya mtu.

Fundi wa Ngamiani:
Usimpe neno la siri, na usimwongeze hata mia. Akishaingia, atabadilisha neno la siri kabla yako, na utakapoiandikia kampuni kulalamika, utatakiwa uthibitishe kuwa wewe ndiye mwenye akaunti, ilhali jina si lako, na masharti yao hayaruhusu mtu kumkabidhi mwingine akaunti yake. Hapo atakayeweza kukuokoa ni shemeji peke yake.

Kuhusu bei, namba nyingi za nusu bei hununuliwa kwa kadi za benki zilizoibwa. Mwenye kadi anapogundua na kulalamika, benki humrudishia fedha zake, kisha kampuni hufuta muda uliowekwa au huifunga akaunti iliyoutumia. Kwa hiyo hata namba ikikubali leo, bado huna uhakika nayo.

Njia halali zipo. Moja, shemeji anunue muda wa Ulaya, ambako mwezi mmoja ni yuro 12.99, nawe umrudishie kupitia dada. Mbili, tangu mwaka 2015 gemu yenyewe ina tokeni ambayo mchezaji mmoja huinunua kwa fedha halisi na kuiuza mnadani, na mwingine huinunua kwa dhahabu ya humo humo ndani, akapata siku 30. Ukiwa mponyaji wa kikundi kwa muda wote huo, dhahabu unayo au wenzako watakuchangia. Na ukikosa vyote, shujaa wako hafutwi muda ukiisha, utamkuta.

Mama wa Chumbageni:
Mimi nauliza la kwangu. Shemeji yuko hai, yuko Hamburg, akaunti ni yake. Mbona humpigii simu?

Kijana wa Sahare:
Mama, zamani alikuwa akilipa yeye, fedha zinakatwa kwenye benki yake kila mwezi. Dada alipoona nakosa kupokea simu za nyumbani nyakati za usiku, akamwambia aache kulipa mpaka nipate kazi ya kueleweka. Shemeji hajui kwamba naendelea kuitumia. Sasa nikimpigia kumwomba kadi, nitaanzia wapi?

Mama wa Chumbageni:
Anzia kwa dada yako, na umpigie mchana. Vile vifaranga nimevirejesha mezani.

Darubini:
Saa zimekubali, hilo nalikiri. Lakini bado namsubiri ataje namba ya muuzaji.

Kijana wa Sahare:
Siitaji, wala sitaitaja. Nimemwandikia muuzaji kwamba nataka 50,000 zangu zirudi. Ameisoma, hajajibu. Dhahabu nimeitazama, inapungua kidogo tu kufikia bei ya tokeni, na mwenzangu mmoja wa Poland amesema ataijaza. Kwa dada bado natafuta maneno. Na naomba izingatiwe kwamba swali langu la tarehe ya kuisha hakuna aliyelijibu.

Kipanga wa Pongwe:
Nimechelewa kuuona uzi. Akaunti yangu mimi ni ya Marekani. Hiyo kadi yako iliyokataa kwa Ulaya, kama bado haijatumika, nitaichukua kwa 20,000.

Fundi wa Ngamiani:
Kipanga, umesoma nilichoandika kuhusu kadi za wizi?

Kipanga wa Pongwe:
Nimesoma, Fundi. Ndiyo maana nimesema 20,000. Kijana, nitumie namba niijaribu, ikikubali nakurushia fedha saa hiyo hiyo.

Kijana wa Sahare:
Samahani kaka, lakini mimi sikujui. Tanguliza fedha kwanza.